Barua kwa mwanangu: usichoweza kumpa mwenzako

Mwanangu Musa,

Ujumbe wako umenifika. Umeniuliza umnunulie mjukuu wangu ile mashine ya magemu, PlayStation 5 (PS5), yenye sehemu ya diski, au ile isiyo nayo, ambayo kila gemu lazima lipakuliwe kwenye intaneti. Umeandika kwa haraka, na najua ulitaka jibu la neno moja. Neno moja sina, baba, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na lililo jepesi. Zile PS5 nyembamba zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2023 zimetengenezwa hivi kwamba kisoma diski kinabandikwa na kubanduliwa. Ukinunua isiyo na diski leo, ukajuta kesho, unanunua kisoma diski peke yake na kukifunga mwenyewe. Mara ya kwanza itataka intaneti ili vitambuane, basi. Kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi.

Linaloninyima mimi usingizi ni jingine. Unajua ninavyosema siku zote, na dada yako Rehema huanza kutabasamu kabla sijamaliza: usichoweza kumpa mwenzako si chako. Gemu la diski ukilichoka unampa jirani. Gemu la kupakua linakaa ndani ya akaunti yako, na akaunti hairithiwi wala haigawiki kirahisi. Huko California wamepitisha sheria, imeanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, kwamba duka la mtandaoni lisitumie neno "nunua" kwa kitu cha kidijitali bila kumwambia mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni tu. Niliposoma habari hiyo nilipiga meza. Kumbe si mimi peke yangu niliyekuwa nikilalamika.

Ila nikilisema hilo nakumbuka ule usiku, na najua wewe pia unaukumbuka, ingawa hatujawahi kuuzungumzia tukiwa watu wazima.

Wewe ulikuwa na Pokémon Red, gemu la kukamata na kukusanya viumbe, Rehema ana Blue, pacha wake. Kila mmoja na Game Boy yake, mashine ya mkononi, lile tofali la kijivu la kula betri nne. Ulikuwa umefikisha viumbe 124 kati ya 151, na kila jioni ulinisomea orodha ya waliobaki kama mtu anayesoma majina ya ndugu waliosafiri. Nami sikuwa naelewa. Niliona mtoto wangu ananitoka, anazama kwenye kioo kidogo kisicho hata na rangi, na nikataka kuingia humo nikaone alichokiona. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, Musa. Sikutaka kingine.

Ukalala. Nikaichukua. Kwenye skrini kulikuwa na "Endelea" na "Mchezo Mpya". Nikajiambia nisiguse mambo ya mwanangu, nianze yangu. Nikachagua mchezo mpya kwa adabu kabisa. Profesa akanisemesha, nikampata kobe wangu wa bluu, nikatembea kwenye nyasi nusu saa nzima, na nakiri nilifurahi. Nilipochoka nikataka kuhifadhi ili kesho nikuonyeshe nilikofika. Mashine ikaniuliza: faili la zamani litafutwa, sawa? Nikadhani la zamani ni langu mwenyewe. Sikujua kwamba kadi ile inayobeba gemu ilikuwa na nafasi moja tu ya kuhifadhi, ya mtu mmoja tu. Nikabonyeza ndiyo.

Asubuhi hukulia. Afadhali ungelia. Uliiwasha, ukatazama, ukaizima, ukaiwasha tena, kisha ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, huyu kobe ni wa nani?"

Sasa ona inavyonichanganya. Jambo lile lisingetokea kwa vifaa vya leo. Leo kila mtu nyumbani ana wasifu wake, na nakala ya mchezo inapanda yenyewe kwenye seva za mbali. Mama mzembe hawezi kufuta miezi minane ya mtoto kwa kidole kimoja. Kwa hiyo nikisema ya zamani yalikuwa bora, nasema uongo, na wewe ndiye shahidi. Ingawa, tukiwa tunasema ukweli, kwenye PS5 nakala hiyo ya mbali kwa magemu yake yenyewe inataka ulipie PlayStation Plus, huduma yao ya ada. Usipolipa, kazi ya mwanao inabaki ndani ya mashine ile moja. Hilo lihesabu kwenye bajeti kabla ya kuhesabu diski. Mtoto hasikitikii plastiki, anasikitikia alikofika.

Lakini kilichokuokoa kilikuwa nini? Si mimi, mimi nilibaki kuomba radhi tu. Ilikuwa Rehema. Miezi michache kabla ya hapo ulikuwa umempelekea Haunter, mmoja wa viumbe wako, kwa ule waya wa kuunganisha Game Boy mbili, kwa sababu Haunter hageuki Gengar mpaka abadilishwe mikono, naye Rehema akakubembeleza akae naye. Ulimwachia. Kwa hiyo viumbe wako wote walipofutika, Gengar alikuwa mzima, kwenye kadi ya dada yako. Ulipofika pale mnaporuhusiwa kuunganisha waya, Rehema akakurudishia bila hata kuombwa. Nawaona hadi leo, mmekaa sakafuni, vichwa vinagusana, waya mfupi katikati, mnamtazama yule kiumbe akipita kwenye bomba kutoka skrini hii kwenda ile. Usichoweza kumpa mwenzako si chako, na ulichompa ndicho peke yake kilichokurudia.

Kilichoniumiza ni kwamba Gengar hakukutambua. Mchezo mpya ulikupa namba mpya, na kadi ikamhesabu kuwa ni wa mtu mwingine. Kiumbe wa mtu mwingine akiwa na nguvu nyingi hakutii mpaka ushinde beji, nawe ulikuwa huna hata moja, naye yuko ngazi ya 38, basi unamwamuru apigane, yeye analala. Ukaniambia, "Ananijua, mama, ni kwamba tu hajaamka vizuri." Nilikwenda jikoni nikafunga mlango.

Turudi kwenye swali lako. Ningependa sana kukwambia chukua ya diski. Nina hoja nzuri. Lakini hata diski siku hizi si ile diski. Kulikuwa na gemu la magari, The Crew, la 2014; tarehe 31 Machi 2024 wenye gemu walizima seva zake, na bila hizo halichezeki, hivyo aliyekuwa na diski mkononi akabaki na kisahani cha kuakisi jua. Na kwenye Nintendo Switch 2, mashine ya kampuni nyingine, kuna kadi zinazouzwa ambazo ndani hazina gemu, zina ufunguo tu wa kulipakua. Unachomeka, unapakua, na bado kadi lazima ikae. Kwa upande mwingine, Nintendo haohao tangu 2025 wanaruhusu gemu la kupakua kuazimwa kwa siku 14 ndani ya kikundi cha familia. Siku kumi na nne! Rehema alikaa na Gengar wako miezi. Lakini ni kitu, siwezi kusema si kitu. Kuna mtu mahali fulani amekaa akafikiri kuhusu kuazimana, na hilo limenifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Basi mwulize mwanao ana rafiki gani mwenye mashine kama hiyo, na huyo rafiki ana diski au hana. Mimi ningeanzia hapo. Ningeanzia hapo halafu... hapana. Umeomba ushauri, na uamuzi ni wako na mkeo. Mashine ya mtoto niliwahi kuiingilia mara moja, wakati huo mtoto ukiwa wewe.

Nimalizie na jambo ambalo ndilo lililonifanya nichelewe kukujibu. Ujumbe wako ulipofika nilikwenda kulitafuta lile sanduku la vitu vyenu. Kadi yako uliondoka nayo, lakini ya Rehema ipo. Nikatia betri nne kwenye Game Boy, nikapuliza vumbi, nikaiwasha. "Endelea" ilikuwepo. Jina REHEMA, beji nane. Kile kibetri cha duara kilicholehemewa ndani, kinachoshikilia kumbukumbu yote, bado kina uhai baada ya miaka zaidi ya ishirini. Safari hii nilisoma kila neno kabla ya kubonyeza.

Nikafungua sanduku la viumbe wake. Nilikuwa nimesahau kwamba waya ule hautoi bure, lazima nawe utoe kimoja. Siku ile Rehema alipokurudishia Gengar, nawe ulimpa ndege, Pidgey wa ngazi ya 4, bila shaka wa kwanza kumkamata kwenye mchezo wako mpya. Bado yupo. Ukifungua maelezo yake, mahali pa mwenyewe wa asili pameandikwa MUSA. Na jina ulilompa ni MAMA.

Hujawahi kuniambia. Nimemtazama kwa muda mrefu na sijui ulimwita hivyo kwa hasira au kwa nini, na kwa nini ukachagua kumtoa huyo. Nimempigia Rehema, anasema alikuwa anajua tangu siku ile.

Kibetri hakitadumu. Fundi anaweza kuweka kingine, lakini kikitolewa bila kunakili kilichomo kwanza, vyote vinakwenda. Njoo mwezi huu, umlete na mjukuu wangu, na uje na kadi yako nyekundu na ule waya, kama bado unao. Betri nimeshaweka za kutosha.

Mama yako