Maswali Yenu: Mradi wa Mama Wadogo Umesaidia au Umepita Tu?

Barua za safari hii zimetoka Pongwe, Muheza, Bagamoyo na Pangani. Kila mmoja ameuliza kwa namna yake, lakini jambo ni lile lile: mradi wa kuwasaidia wasichana wajawazito na mama wadogo tuupimeje tusidanganyane?

Assalaam alaykum. Mimi ni mjumbe wa kamati ya kata. Mradi wa wasichana waliopata mimba wakiwa shule umemaliza mwaka wa pili, na taarifa inasema umefanikiwa kwa asilimia 90. Mbona mtaani tunawaona wasichana wale wale wamekaa vibarazani? (Msomaji, Pongwe)

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Huenda hakuna aliyesema uongo. Kabla hamjabishana, muulizeni msimamizi: asilimia 90 ya wangapi?

Tuseme mradi uliandikisha wasichana 46. Waliomaliza mafunzo ni 31, na kati ya hao 28 wamerudi masomoni au wana kazi. Ukigawa 28 kwa 31 unapata asilimia 90, na hiyo ndiyo inayopelekwa kwa mfadhili. Ukigawa kwa wale 46 walioanza, inashuka hadi 61. Wale 15 walioishia njiani wamefutwa kwenye hesabu kimya kimya, na pengine ndio hao mnaowaona vibarazani. Taarifa ya kweli huandika mipaka miwili: tukiwahesabu wote 15 kuwa hawakufanikiwa, ni asilimia 61, tukiwahesabu wote kuwa wamefanikiwa, ni 93. Jibu limo humo katikati, na njia ya kulipata ni kwenda kuwatafuta.

Kuwatafuta si kupiga simu mara moja na kuandika "hapatikani". Laini za wasichana hawa hubadilika, na nyingi zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Siku ya kuandikishwa chukueni namba yake, namba za watu wawili anaowaamini, mtaa, jina la balozi wa nyumba kumi, na muulizeni ni nani asiyetakiwa kujua kwamba yumo kwenye mradi. Andikeni pia jina analoitwa mtaani. Hili hupuuzwa sana, kumbe ndilo linalopoteza watu wengi: rejesta ina jina la shule, lakini tangu ajifungue majirani wanamjua kwa jina la mwanawe tu, Mama fulani. Mtafutaji anauliza jina la shule nyumba tano, zote zinatikisa kichwa, naye msichana yupo nyumba ya tatu anaanika nguo.

Piga simu siku na saa tofauti, kisha nenda nyumbani hadi mara tatu, kisha uliza kwa wale wawili. Kwa kila aliyepatikana andika sababu ya kuacha kwa maneno yake mwenyewe. Amehamia kwa bibi Lushoto, ameenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, ameolewa, ana mimba ya pili, hana wa kumwachia mtoto, nauli ya bajaji imemshinda: hizi ni sababu tofauti na dawa zake ni tofauti. Neno "utoro" halimsaidii mtu.

Halafu litenganisheni hilo fungu la "masomoni au kazini". Kurudi shule si tendo la siku moja. Hesabuni walioandikishwa, waliokuwepo mwisho wa muhula wa kwanza, na waliokaa kwenye mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Mahudhurio yatoke kwenye rejesta ya darasa, si kwenye kumbukumbu ya msichana wala ahadi ya mwalimu. Walioingia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima au vyuo vya maendeleo ya wananchi wawe safu yao peke yao, kwa kuwa ratiba za huko ni tofauti na za shule ya kawaida.

Na pesa nayo isemwe. Mradi wa shilingi 36,800,000 kwa wasichana 46 ni 800,000 kwa kila mmoja. Kwa kila aliyefanikiwa, kati ya wale 28, ni zaidi ya 1,314,000. Hesabu zote mbili ni sahihi. Anayetoa moja na kuficha nyingine ana lake jambo.

Shikamooni. Nafanya kazi na kikundi kinachowafundisha mama wadogo ushonaji. Tulipima hali zao walipoingia na miezi sita baadaye, wote wakawa wamepiga hatua. Mfadhili anasema haitoshi. Anataka nini tena? (Msomaji, Muheza)

Marahaba. Anataka kujua wangekuwaje bila ninyi, na hapo ana haki.

Msichana huja kwenu akiwa chini kabisa: amejifungua juzi, amefukuzwa nyumbani au anasimangwa, halali usiku. Miezi sita baadaye mtoto anakaa, bibi amelainika, usingizi umerudi. Sehemu kubwa ya hatua hiyo ingepigwa hata mngebaki na vyerehani vyenu stoo. Ndiyo maana linatakiwa kundi la kulinganisha, yaani wasichana wanaofanana na wenu ambao hawajaingia kwenye mradi.

Kama walioomba ni 80 na nafasi ni 40, msichague "wanaojituma". Wenye juhudi hufanikiwa hata bila mradi, na sifa mkachukua ninyi. Pigeni kura ya wazi mbele ya wazazi na mtendaji wa kata, majina kwenye kikapu. Wanaokosa waingie awamu ya pili, na wakati wanasubiri wapimwe kwa dodoso lile lile, tarehe zile zile. Kwa kuwa nafasi hazitoshi, kura haimnyimi mtu haki. Inazuia upendeleo tu.

Pasipowezekana kura, tafuteni kata inayofanana. Kata ya mashamba ya mkonge isilinganishwe na kata ya pwani kwa sababu tu zote zina zahanati. Angalieni umbali wa shule ya sekondari, kazi za wazazi, na umri wa wasichana walipopata mimba: wa miaka 14 na wa miaka 19 si wa kuwekwa kapu moja.

Idadi nayo ina kauli yake. Kwenye kikundi cha wasichana 25, mmoja tu akihama amebeba asilimia 4. Mkitaka kuonyesha kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu kwamba mafanikio yamepanda kutoka asilimia 40 hadi 60, mnahitaji takriban wasichana 95 kila upande, na kama mmoja kati ya watano atapotea njiani, andikisheni 119. Kikundi kidogo kisijifanye kina takwimu. Kiandike majina kwa namba za siri, kimfuatilie kila mmoja, na kieleze kilichotokea kwa kila mmoja. Hiyo nayo ni tathmini, tena nzuri.

Kuhusu cherehani: msihesabu vilivyogawiwa. Baada ya miezi sita nendeni mkaulize kiko wapi, nani anakitumia na hela anashika nani. Vingine vimeuzwa mtoto alipougua, vingine anavyo shemeji. Kama kinashona, fanyeni hesabu naye ya wiki moja. Kwa mfano ameingiza 48,000. Toa uzi na zipu 9,000, kodi ya kibaraza 5,000, nauli 6,000 na anayemlelea mtoto 7,000, inabaki 21,000. Taarifa nyingi husimama kwenye 48,000.

Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa ustawi wa jamii. Napenda kulinganisha wasichana waliorudi shule kabla ya mradi, miaka ya 2018 hadi 2020, na waliorudi baada ya mradi kuanza 2022. Pia nimeandaa dodoso lenye maswali kuhusu baba wa mtoto. Nisahihisheni. (Msomaji, Bagamoyo)

Nzuri. Ulinganisho huo utakuangusha. Juni 2017, akiwa ziarani mkoani Pwani, Rais Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikaruhusu warudi. Ukipima kabla na baada ya mwaka huo unapima mabadiliko ya serikali, si kazi ya mradi. Namba ingepanda hata mahali ambapo mradi haujafika. Linganisha kata zenye mradi na zisizo nao, zote kuanzia 2022.

Dodoso lako la baba wa mtoto ni zito kuliko unavyodhani. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwananchi mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto imevunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Tena sheria ya elimu iliyorekebishwa 2016 ina kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Kwa hiyo usimwahidi binti "siri yako haitatoka" halafu ukajikuta njia panda. Ridhaa isomwe kwa sauti na iseme wazi: haya nitayaweka siri, haya, kama upo hatarini au umeumizwa, nitalazimika kuyapeleka kwa afisa ustawi wa jamii. Msichana achague mwenyewe aseme nini. Na kama jina la baba halijibu swali lako la utafiti, lifute. Uliza tu kama anatoa matunzo, kila baada ya muda gani, na kwa njia gani.

Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na kukubali kwake mwenyewe, na chuo kitakuelekeza kibali cha maadili kabla hujamuuliza mtu hata mmoja. Mahali pa kuulizia ni muhimu kama swali. Mama mtu akiwa anachambua mchele hatua tatu pembeni, kila jibu litakuwa "hakuna tatizo". Kaeni panapoonekana lakini pasiposikika, chini ya mwembe kwa mfano, na uwe na swali la akiba la chanjo au uji wa mtoto la kurukia mtu akitokea. Usipange usaili siku za bamvua kwenye vijiji vya mwani na pweza. Maji yakitoka wanawake wote wako baharini, nawe utawahoji wasiofanya kazi hiyo na kuwaita "wasichana wa kijiji".

Mfadhili wetu anataka tuanze mpango wa manesi kuwatembelea mama wadogo nyumbani, kwa kuwa umethibitishwa Marekani. Je, na hapa Pangani utafaa? (Msomaji, Pangani)

Umethibitishwa huko, ndiyo. Mtafiti David Olds na wenzake walianza jaribio lao mji wa Elmira, jimbo la New York, mwaka 1978, kwa wanawake 400, na matokeo yalikuwa mazuri kwa mama na watoto, hasa maskini. Lakini mfadhili asiishie hapo. Uingereza iliuchukua mpango huo, manesi wenye mafunzo maalumu, hadi ziara 64 tangu ujauzito mpaka mtoto atimize miaka miwili, na kuupima kwa kura kwa zaidi ya mama 1,600 wa mimba ya kwanza wenye miaka 19 au chini. Matokeo yalipotoka 2015, mambo manne makuu hayakubadilika: uvutaji sigara, uzito wa mtoto kuzaliwa, mtoto kupelekwa hospitali kwa dharura, na mimba ya pili ndani ya miezi 24, ambayo ilitokea kwa takriban theluthi mbili ya mama pande zote mbili. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Uingereza kila mama tayari ana mkunga na nesi wa kumtembelea, hata bila mpango. Dawa ile ile, mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo kwanza andikeni mama mdogo wa Pangani anapata nini leo: mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafika mara ngapi, zahanati iko umbali gani, anavuka mto au havuki. Palipo na upungufu mkubwa ziara zinaweza kuleta tofauti kubwa. Msipime sigara, maana huku si tatizo lao. Pimeni vitu vilivyomo kwenye kadi ya kliniki: wiki za ujauzito alipohudhuria mara ya kwanza, idadi ya mahudhurio, wekundu wa damu, uzito wa mtoto (chini ya kilo 2.5 ni pungufu), chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na surua ya miezi 9 na 18. Soma kadi kwa macho yako. Ukiuliza kwa mdomo kila mtoto amechanjwa.

Mitego ni miwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio nane ya kliniki, lakini msichana aliyejitokeza na mimba ya miezi sita, kwa kuwa alikuwa akiifunga kwa kanga, hawezi kufikisha nane na si kosa la mradi. Wagaweni kwa wiki za ujauzito walipoandikishwa, kisha hesabuni. Na mimba ya pili ndani ya miezi 24 hujulikana kwa aliyefikisha miezi 24 tu. Ukifunga hesabu wakati nusu ya watoto wana miezi minane, utaandika kwamba uzazi wa mpango umefaulu sana, na mwakani utaona aibu. Mfadhili akidai taarifa mapema, mpeni ya mahudhurio na chanjo, na tarehe ya kumletea hiyo nyingine.