Vidonge vya antioksidanti kabla ya IVF: mume wangu aendelee navyo?

Swali: Nina miaka 31. Mume wangu ana 38, anaendesha lori Mombasa hadi Malaba na anavuta sigara. Kipimo cha shahawa kilitoa mbegu milioni 22 kwa mililita, zinazokwenda mbele asilimia 18, na seli za usaha nyingi. IVF yetu (kutungisha mimba maabara) ni baada ya wiki tano. Ameuziwa chupa mbili za antioksidanti, vidonge vya kuzima kemikali kali za oksijeni mwilini: moja ina zinki miligramu 30 na seleniamu mikrogramu 200, ya pili zinki 25 na seleniamu 200. Anameza zote kila siku. Zitamsaidia? (Msomaji, Kisauni)

Jibu: Dada, kwanza asizimeze zote pamoja. Zinki imefika miligramu 55 kwa siku, na kikomo cha mtu mzima ni 40. Ikizidi hapo kwa muda mrefu, mwili hushindwa kufyonza madini ya shaba na damu hupungua. Seleniamu imegonga kikomo cha mikrogramu 400 kabla hujahesabu samaki anaokula. Akianza kunyonyoka nywele na kucha kukatika, jueni imezidi.

Idadi ya mbegu haina neno. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni milioni 16. Taabu iko kwenye mwendo, 18 badala ya 30 kwenda juu, na kwangu mimi seli za usaha ndizo za kushughulikiwa kwanza. Hizo ni seli nyeupe za damu, na zikipigana na vijidudu hutema kemikali kali za oksijeni. Mbegu ya kiume haina pa kujificha: utando wake umejaa mafuta yanayoharibika upesi, na ute wa ndani, ambamo seli nyingine huweka vimeng'enya vya kujilinda, imeutupa karibu wote ilipokuwa ikikomaa. Mafuta hayo yakichacha, kama mafuta ya nazi yaliyokaa sana, mkia hupoteza nguvu, kisha DNA hukatika.

Kwa hiyo ombeni maabara ithibitishe usaha kwa rangi ya peroksidase, inayotambulisha seli nyeupe, kwa sababu kwa hadubini peke yake seli changa za mbegu hufanana na seli nyeupe. Zikifika milioni moja kwa mililita, shahawa na mkojo wake vioteshwe maabara kutafuta vijidudu, na nyote wawili mpimwe magonjwa ya zinaa. Akitibiwa peke yake mtaambukizana tena. Daktari amkague korodani akiwa amesimama, kutafuta mishipa iliyovimba (varikosili), ambayo nayo huzalisha kemikali hizo.

Vidonge vyenyewe havijathibitika sana. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2020, la wanandoa 2,370, liliwapa wanaume zinki miligramu 30 na asidi ya foliki miligramu 5 kwa miezi sita. Waliopata mtoto hai walikuwa 34 kwa kila mia, na wa kidonge kisicho na dawa, cha kulinganishia, 35. Tena mbegu huhitaji kiasi kidogo cha hiyo oksijeni kali ili iweze kupenya yai, kwa hiyo kuizima yote si faida.

Halafu kuna muda. Mbegu hutengenezwa kwa siku 74 hivi, na wiki moja au mbili zaidi za kupita kwenye mirija. Zitakazotumika baada ya wiki tano zilianza safari zamani. Kwa umri wako, usaha ukithibitika ningeomba IVF isogezwe miezi mitatu, atibiwe na aache sigara leo. Asikae garini saa nyingi mfululizo. Ashuke mara kwa mara, korodani zipoe. Akiwa aliugua malaria au dengi hivi karibuni, mwambieni daktari, kwani homa kali hushusha mbegu kwa wiki kadhaa.

Mapera, machungwa, mchicha, korosho na nyanya zilizopikwa kwa mafuta vinamtosha. Akitaka kidonge, chupa moja tu.

Wewe usiache foliki mikrogramu 400 za kila siku. Hiyo ni kinga ya uti wa mgongo wa mtoto. Vitamini A ya retinoli kwa wingi iepuke.

Mkienda kliniki bebeni chupa zenyewe. Daktari asome vipimo vilivyoandikwa nyuma, hasa vitamini E ikiwa mume anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.