Kupumua harakaharaka kabla ya kuzamia kamba mawe

Dada, umeuliza kama ni sawa mwanao huko Kizingitini kuhema harakaharaka mara ishirini kabla ya kuzamia kamba mawe, ati ajaze pumzi. Si sawa hata kidogo, mkataze leo. Mtu mwenye afya, damu yake tayari imebeba oksijeni karibu 98% ya uwezo wake. Kuhema huko hakumwongezei kitu cha maana. Anachofanya ni kuitoa kabonidayoksaidi mwilini. Na hiyo ndiyo kengele yenyewe: ikizidi kwenye damu, ubongo huamrisha kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, uvute hewa, ndipo mzamiaji anaposikia kifua kinambana na kupanda juu. Akiipunguza mapema, kengele inachelewa kulia huku oksijeni inazidi kuisha. Anazimia ghafla, mara nyingi akiwa anapanda, karibu kabisa na uso wa maji. Humpata hata kijana hodari wa kuogelea. Apumue taratibu, apumzike vya kutosha baada ya kila mbizi, na asizamie peke yake kamwe: mwenzake abaki juu akimtazama.