Weka hayo majedwali kando, ifuate damu

Mdogo wangu, usilipe hizo pesa. Umeandika kwamba unaanza mwaka wa kwanza wa uuguzi hapa Mombasa, kwamba kuna mwalimu wa tuisheni anayekuuzia makaratasi ya rangi yenye mifumo 11 ya mwili, na kwamba unataka kukariri mfumo mmoja kila wiki mpaka mtihani ufike. Ukauliza uanze na upi, kama kusoma kwa kikundi kunafaa, na kama ni lazima uijue mifupa yote 206. Nimelisoma swali lako ndani ya feri nikashindwa kungoja nifike Likoni.

Makaratasi hayo nayajua. Kila mfumo una ukurasa wake na jedwali lake, kiungo huku, kazi yake kule. Ngozi: kukinga mwili. Mapafu: kuvuta hewa. Figo: kutoa taka. Unayashika upesi, na watu wa nyumbani wakikusikia unayataja kama kasuku wanafurahi, wanaona daktari huyo anakuja. Kisha unaingia mtihani wa mdomo.

Mimi niliulizwa hivi. Mtoto wa Kwale ameoga kwenye dimbwi lenye konokono, na miezi kadhaa baadaye anakojoa damu. Ni kichocho. Lava za mnyoo, yaani watoto wake wanaotoka kwa konokono, zilipenya ngozi ya mguu. Eleza zilivyofika kwenye kibofu. Nikaanza kwa sauti kubwa: mfumo wa mkojo una figo mbili, mirija miwili, kibofu... Mtahini akanikatiza. Akasema hajauliza kuna nini, ameuliza njia. Njia sikuwa nayo. Nilikuwa na ukurasa wa ngozi na ukurasa wa mkojo, na katikati yake hamna kitu. Nikarudia somo zima, karo ikalipwa mara ya pili, na aliyeilipa ni mama yangu, kwa pesa za viazi karai na mahamri. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, na ndiyo maana sitakuandikia kwa upole.

Njia yenyewe ni hii, isome polepole. Lava ikishapenya ngozi inaingia kwenye mishipa midogo ya damu. Vena za mguu zinapanda, zinaungana, zinamwaga damu kwenye vena kava ya chini, na hiyo inaifikisha kwenye atriamu ya kulia ya moyo, chumba cha juu. Damu inavuka vali, inashuka ventrikali ya kulia, chumba cha chini, inasukumwa kwenye ateri ya mapafu.

Simama hapo. Hiyo ni ateri, na damu iliyomo imepungukiwa na oksijeni. Sasa fungua karatasi ya huyo mwalimu: utakuta kwa herufi kubwa kwamba ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu. Si kweli! Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, vena ni mshipa unaorudi moyoni, basi. Vena za mapafu zinarudi zimejaa oksijeni. Kwa mtoto aliye tumboni, vena ya kitovu ndiyo inayomletea oksijeni kutoka kwenye kondo la nyuma. Na hiyo buluu aliyochorea vena ni rangi ya mchoro tu. Damu ya vena ni nyekundu iliyokoza, na siku utakapomtoa mgonjwa damu utaiona kwa macho yako. Mtu anayechukua pesa za watoto wa watu kisha anawafundisha kwamba ndani yetu mna damu ya buluu, mimi simuiti mwalimu. Nilimfuata nikamwonyesha kosa. Akaniambia hayo ni ya madaktari, nyinyi wauguzi karirini mpite. Wallahi sijawahi kuudhika vile. Muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa usiku kucha, yeye ndiye wa kwanza kuona miguu imevimba au pumzi imekuwa fupi, na asipojua damu inapita wapi atajuaje kwamba moyo ukichoka upande wa kushoto maji hujaa mapafuni, na ukichoka upande wa kulia miguu ndiyo inayovimba?

Tuendelee. Kwenye mapafu lava inajipenyeza katika kapilari, vimishipa vyembamba kuliko vyote, zinazozunguka vifuko vya hewa, inaingia vena za mapafu, inafika atriamu ya kushoto, kisha ventrikali ya kushoto. Ukuta wa ventrikali hii ni mnene kuliko wa kulia kwa sababu yenyewe inasukuma damu mwili mzima. Inatoka kwa aota, ateri kubwa kuliko zote, inashuka na ateri za utumbo, inapita kapilari za utumbo. Hapa tena karatasi yako itakuacha gizani, kwa sababu damu itokayo kwenye utumbo hairudi moyoni moja kwa moja. Inapitia ini kwanza, kwa vena maalumu. Ini ndilo linalopokea sukari na vijenzi vya protini vilivyofyonzwa kabla ya mwili kuvipata, na dawa nyingi za kumeza vilevile. Humo kwenye ini ndimo minyoo inapokomaa, dume na jike wanashikana, kisha wanasafiri kinyume na mkondo wa damu mpaka vena zilizozunguka kibofu. Jike anataga. Mayai yana mwiba, yanapasua ukuta wa kibofu, ndiyo hiyo damu kwenye mkojo. Yanayokwama, kinga ya mwili inayashambulia, makovu yanaota, mirija ya mkojo inaweza kuziba na figo kuharibika.

Umeona ni mifumo mingapi hiyo? Ngozi, damu, upumuaji, chakula, kinga, mkojo. Hakuna uliosimama peke yake.

Na si mimi niliyevumbua kusoma hivi. Kwa zaidi ya miaka elfu waganga walimfuata Galen, tabibu wa Kiyunani wa kale, aliyesema damu huvuja kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu vya ukuta wa kati. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi Kairo, akaandika kwamba ukuta ule hauna vitundu, hivyo ni lazima damu izungukie mapafuni. William Harvey, tabibu Mwingereza, akachapisha mzunguko mzima mwaka 1628, baada ya kupiga hesabu akaona damu inayotoka moyoni ni nyingi mno kuweza kutengenezwa upya kutokana na chakula. Hesabu hiyo unaweza kuifanya nawe: mtu mzima ana damu kama lita 5, na moyo uliotulia husukuma karibu lita 5 kwa dakika. Kapilari zilizokosekana kwenye maelezo ya Harvey, Marcello Malpighi wa Italia aliziona kwenye pafu la chura mwaka 1661. Wote hao walikuwa wakiuliza swali moja, inapita wapi.

Kwa hiyo kila kiungo ukikifikia, kabla ya jina lake na kazi yake, uliza damu inaingia kutoka wapi, inatoka kwenda wapi, na imebadilika nini humo ndani. Jaribu kwa figo. Zinachuja karibu lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote, mkojo unaobaki ni lita moja au mbili. Lakini zinatoa pia homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu za damu, ndiyo maana mgonjwa wa figo hupungukiwa damu. Karatasi inayosema “kutoa taka” haitakufikisha hapo.

Mifupa utaizoea, shika mikubwa kwanza.

Leo usiku chukua karatasi tupu. Mtoto yule wa Kwale amepewa tembe za prazikwanteli, dawa ya kichocho, amezimeza. Chora njia ya dawa kutoka mdomoni hadi ilipo ile minyoo, bila kufungua kitabu, kisha uiandike hapa chini. Ukikwama niambie umekwama kwenye mshipa gani. Nitaingia tena baada ya isha.