Shangazi Akujibu: "Mama, kaunsili ni ugonjwa?"

SWALI: Shangazi shikamoo. Naishi London, flati ya kaunsili (nyumba ya kupanga ya serikali ya mtaa), jengo moja tumechanganyika na walionunua zao. Juzi binti yangu wa miaka 7 anaruka kamba pale uani, jirani akamwita mwanawe ndani, tena kwa sauti, usicheze na watoto wa kaunsili. Mtoto kaniuliza mama, kaunsili ni ugonjwa? Nimelia sana. Nihame?
Mama Binti

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, hilo swali la mtoto limenichoma hata mimi. Usihame bwana, uende wapi na unalipa kodi yako kila mwezi kama mtu mwingine yeyote? Na flati nyingi za watu binafsi kwenye majengo kama hayo zilikuwa za kaunsili, ile sheria ya 1980 ndo iliwapa wapangaji haki ya kununua kwa bei ya punguzo, kwa hiyo huenda hata flati ya huyo jirani ilianza kukaliwa na mpangaji kama wewe. Mwaka 2019 kule Lambeth, hapo hapo London, watoto wa nyumba za bei nafuu walizuiwa kiwanja cha michezo kwa uzio wa miti, wazazi wa pande zote mbili wakapinga pamoja mpaka watoto wote wakaruhusiwa kucheza. Yaani wenye nyumba wenye moyo wapo!

Sasa Jumamosi kaanga mandazi, mpe binti sahani, mkagonge kwa huyo mama. Akifungua, anza na salamu, halafu mwambie taratibu mtoto alichokuuliza.