Rails imekuwa kubwa: weka mipaka ndani kwanza, huduma ndogondogo zisubiri

Mkuu uliyeuliza kama mfumo wenu wa Rails, fremuweki ya lugha ya Ruby (oda, malipo, stoo, vyote humo humo) muuvunje kuwa huduma ndogondogo (programu tofauti zinazoongea kwa mtandao), mtumie injini (programu ndogo ya Rails inayokaa ndani ya ile kubwa) au Packwerk (zana ya kukagua mipaka kati ya sehemu za msimbo): anzeni na Packwerk. Modeli (sehemu za msimbo zinazoshughulikia data, kama Order ya oda na Invoice ya ankara) zikiwa bado zimeshikana, kuzitenganisha kwenye seva tofauti ni kuhamishia mafundo yale yale kwenye mtandao. Muamala mmoja wa databesi unageuka maombi mawili, na moja linaweza kufika huku la pili limepotea.

Packwerk ilitoka Shopify mwaka 2020 na kazi yake ni kusoma msimbo (code) tu, haiuendeshi. Unatengeneza folda ya packs/malipo (hiyo ndiyo pakiti), unaweka package.yml yenye enforce_dependencies: true, kisha unataja pakiti inazoruhusiwa kuzitegemea. Ukiendesha bin/packwerk check unaona konstanti (majina ya madarasa na moduli) zilizovuka mpaka. Madeni ya zamani yanaandikwa kwenye package_todo.yml, kwa hiyo timu inaendelea na kazi na kinachozuiwa ni kosa jipya. Ila SQL (maswali ya databesi) iliyoandikwa kwa mkono, Packwerk haiioni kabisa. Ripoti inayounganisha majedwali ya pakiti tatu itapita bila neno, hizo zisakeni wenyewe.

Jasho liko kwenye kugeuza mwelekeo wa utegemezi. Kwetu, oda ikilipwa, Order iliita Invoice ndani ya after_commit (msimbo unaoendeshwa muamala wa databesi ukishakamilika), na Invoice nayo ikarudi kuuliza Order. Sasa Order inatangaza tu:

ActiveSupport::Notifications.instrument("oda.imelipwa", order_id: id)

Pakiti ya ankara inasikiliza tangazo hilo, na Order haijui tena kama ankara zipo. Angalia hapa: msikilizaji anaendeshwa papo hapo, kwenye thredi ile ile, kwa hiyo asifanye kazi nzito. Apeleke kazi kwenye foleni ya Active Job (sehemu ya Rails ya kazi za kufanywa pembeni), amalize.

Injini nazipenda kwa sehemu yenye ruti (anwani za URL) na kurasa zake, kama paneli ya wasimamizi. Kwa modeli zilizokwisha kuwa na data ni usumbufu: isolate_namespace inafanya Malipo::Invoice itafute jedwali la malipo_invoices, kwa hiyo ama ubadilishe jina la jedwali au uweke table_name kwenye kila modeli.

Msianze na User, kila kitu kinaigusa. Chukueni arifa au ripoti, maana wanaozitegemea ni wachache, mkishazoea ndipo muingie kwenye malipo. Mkikwama, weka hapa package.yml zenu tuziangalie.