Majarida Yamepanda Bei: Tufute Lipi?

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu ada za majarida ya kitaaluma kwenye maktaba za vyuo vikuu. Nimechagua matano.

Bajeti yetu ya majarida haijapunguzwa, lakini kila mwaka hela hazitoshi. Tatizo liko wapi? (Mkutubi, Eldoret)

Bajeti yako iko kwa shilingi, ankara inakuja kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160 hivi. Kifurushi cha majarida cha dola 20,000 kilichokuwa shilingi milioni 2.26 kikawa milioni 3.2, hata kama mchapishaji hakuongeza senti, na kwa kawaida huongeza. Shilingi ilipata nafuu baadaye mwaka huohuo, ila aliyelipa Januari alikuwa ameshalipa.

Andika makadirio yako kwa dola, kisha uweke akiba ya mabadiliko ya sarafu. Omba mkataba wa miaka miwili au mitatu wenye ukomo wa ongezeko la bei. Na usijadiliane peke yako: Kenya kuna KLISC, Tanzania COTUL, Uganda CUUL, na vyama hivi vya maktaba vipo kwa kazi hiyo hasa. Ukiletewa mkataba wenye kifungu cha kukuzuia usitaje bei uliyolipa, kipinge. Kifungu hicho ndicho kinachofanya vyuo jirani vilipe bei tofauti bila kujua.

Mkuu wangu anataka nikokotoe gharama ya kila matumizi ili tufute majarida yasiyosomwa. Naanzia wapi? (Mkutubi msaidizi, Morogoro)

Anza na takwimu za COUNTER, utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu matumizi ambao wachapishaji wakubwa wanaufuata. Mara nyingi utazipakua mwenyewe kwenye akaunti ya msimamizi. Chukua ripoti ya matumizi ya majarida iitwayo TR_J1, ambayo imeshaondoa makala za ufikiaji huria. Hizo ungezipata hata bila kulipa. Humo soma Unique_Item_Requests (kila makala huhesabiwa mara moja kwa msomaji katika kikao kimoja), usisome Total_Item_Requests (kila ufunguzi huhesabiwa). Msomaji akifungua makala kwenye kivinjari kisha akaipakua kwa PDF, hiyo ya pili humhesabu mara mbili.

Gawanya ada ya mwaka kwa idadi uliyoipata. Tuseme jarida la dola 1,200 limefunguliwa mara 20: kila mara imekugharimu dola 60, wakati makala moja ikinunuliwa peke yake mara nyingi ni dola 30 hadi 40. La dola 3,000 lililofunguliwa mara 1,500 ni dola 2 tu. Ukitazama ankara peke yake, ungelifuta hilo la pili.

Lakini orodha hiyo usiipeleke kwa mkuu wako bado. Wachapishaji wengi humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao wa chuo. Mwanafunzi aliyeko chumbani kwake Kihonda, anatumia bando la simu, hatambuliki kuwa ni wenu. Anaonyeshwa bei, anaondoka, na takwimu zako hazina habari naye. Kwa hiyo jioni ukiwa nyumbani, zima waifai, chukua simu yako, jaribu kufungua makala kadhaa za majarida mnayotaka kuyafuta, ukipita njia ileile anayopita mwanafunzi. Ukikwama, jua na wao wanakwama. Tengenezeni kwanza njia ya kuingia kutoka nje ya chuo, kisha ndipo mpime matumizi upya. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu jarida likifutwa kwa takwimu za namna hiyo, anayeadhibiwa ni yule ambaye hakuwahi kulifikia.

Mwisho, ongea na idara. Jarida linalosomwa na watafiti watatu wa uzamivu linaweza kuwa halina mbadala.

Chuo kimefuta jarida ninalolihitaji, na makala moja inauzwa dola 35. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa uzamili, Mwanza)

Usilipe, kwanza. Weka Unpaywall kwenye kivinjari chako. Hutafuta kama kuna nakala halali ya bure, kwa mfano rasimu ambayo mwandishi ameihifadhi chuoni kwake. Muulize mkutubi kama chuo kimejiandikisha Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu: Tanzania iko kundi A, ambalo taasisi zake hazilipi. Kwa tafiti za Afrika, pitia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. Vyote vikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe fupi ya heshima umwombe nakala. Wengi hufurahi kusomwa.

Siku hizi kila kitu kipo bure mtandaoni. Kwa nini maktaba isiache kulipia kabisa? (Mhadhiri, Kampala)

Vingi vipo, mwalimu, ila si vyote, na vinavyokosekana mara nyingi ni vya miaka ya karibuni. Hata hivyo kuacha kunawezekana. Februari 2019 Chuo Kikuu cha California kiliachana na mchapishaji mkubwa wa majarida, Elsevier, kikakaa bila mkataba hadi Machi 2021, kilipopata masharti mapya. Kilistahimili kwa sababu wahadhiri walisimama pamoja na maktaba yao. Je, idara yako iko tayari kwa hilo? Kama iko, mwambie mkutubi wako leo. Hiyo ndiyo nguvu anayoikosa akiwa mezani na mchapishaji.

Tukifuta jarida la mtandaoni, matoleo tuliyoyalipia miaka iliyopita tunayapoteza? (Mkutubi, Zanzibar)

Inategemea mkataba. Tafuta kifungu cha haki ya kudumu ya kusoma miaka iliyolipiwa. Vifurushi vingine vinayo, vingine ni kama kupanga nyumba, ukihama huondoki na chumba. Kama haki hiyo ipo, kabla ya kutuma barua ya kufuta mwombe mchapishaji orodha ya maandishi ya majarida na miaka mtakayobaki nayo. Ikishafika, fungua toleo moja la kila jarida uhakikishe.